Maji Niliyoyameza

Kwako Wakesho,

Ninapoandika haya wewe uko saluni, umeinamishwa kichwa, wasichana wawili wanakuvuta nywele, na hutarudi kabla giza halijaingia. Umesema unataka misuko ya kukaa muda mrefu kwa sababu huko Ujerumani kusukwa ni ghali. Mimi niko dukani. Cherehani nimeifunika na mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani sipo. Kama kuna mama anayengoja sketi ya shule ya mwanawe, atanisamehe leo. Kesho asubuhi unapanda treni ya Nairobi, na kutoka hapo ndege, nami kuna jambo nisilotaka uondoke nalo. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu mdomo wangu unaujua ulivyo.

Sitakwambia habari za soksi wala za kufunga koti. Ile karatasi ya chuo uliyoichapisha kwenye kompyuta ya saiba ukaibandika hapa ukutani, juu ya nyuzi zangu, imeyasema yote. Viza, bima, kifaa cha kuchomekea simu, ofisi ya kuchukulia ufunguo wa chumba na kwamba inafungwa mapema. Umeweka alama kila mahali. Umejiandaa kufika mpaka nakuogopa. Nilikusikia siku moja ukimwonyesha babako kwenye simu lile jiko mtakalotumia na wenzako wa nchi nyingine, ukamwambia, hapa ndipo nitakapoweka sufuria yangu. Babako akauliza kama huko kuna unga wa ugali. Mimi nilikuwa nashona, sikugeuza kichwa, lakini sikio lote lilikuwa kwenu. Nikawaza, huyu mtoto ameshafika kabla hajaondoka. Kufika umejifundisha mwenyewe, lakini kuondoka hakuna aliyekuandaa. Hiyo ilikuwa kazi yangu, nami sikuifanya kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Ndiyo, nimenuna. Nitaliandika neno lenyewe ili tusizungukane. Tangu siku chache baada ya kusikia habari za safari yako, nimekuwa nikikusemesha kupitia babako. Nakuona umesimama pale jikoni na sahani mkononi, nami namwambia babako, "Mwambie msichana wako chai iko tayari." Maskini babako, mtu wa gereji, amezoea vyuma visivyojibu, nimemfanya tarishi katika nyumba yake. Tena nimegundua anabadilisha ujumbe njiani. Mimi nasema, mwambie ale, yeye anakwambia, "Mamako anasema ule vizuri, mama, umekonda." Nilimsikia. Sikumkataza.

Hujui bado nilivyosikia. Nilikuwa nimepiga magoti hapa sakafuni, napima upindo wa gauni la kitenge la mteja mmoja, mama wa kwaya. Nilikuwa na pini mdomoni, kama kawaida yangu, zote nimezibana kwa midomo. Yule mama akasema kutoka huko juu, "Mama Wakesho, hongera. Nasikia msichana wetu amepata nafasi ya mwaka mzima Ujerumani." Alikuwa amesikia kwa watu wa kanisa la nyanya yako, mama wa babako, kule Marungu. Marungu walijua na kwaya ilijua. Mimi niliyekuzaa nilikuwa sakafuni na pini mdomoni, sijui lolote. Sikuweza kujibu, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Upindo ule nilikuja kuufumua, upande mmoja ulikuwa umepanda.

Nilikaa na jambo hilo kwanza. Kisha nikakuuliza, nadhani unakumbuka, wewe ukifua na mimi nikianika. Nilikuuliza kwa nini ulimwambia nyanya yako kabla yangu. Hukunijibu vibaya. Hukupandisha sauti. Uliendelea kusuuza ile blauzi ukasema, "Kwa sababu nyanya angenijibu, mama."

Basi. Niliacha nguo kwenye kamba nikaingia ndani, na tangu hapo ndipo babako alipopata kazi ya pili.

Sasa nikupeleke Jumapili, kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi.

Nyanya yako alikuja toka Marungu na kitambaa chake cha kanisani kichwani, akaomba kikombe cha maji safi, akasema mjukuu haendi ng'ambo bila kutasa. Wewe unaijua kutasa kwa kuiona mara chache tu, watoto mliozaliwa mjini Voi. Acha nikueleze nilivyofundishwa na babangu huko mlimani Taita. Mtu akiwa na safari, au ugonjwa, au jambo kubwa lolote, watu wake hukusanyika. Kila mmoja huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa kwa wale wa zamani, akalirusha nje kwa manyunyu, na kati ya funda na funda akamtamkia mwenzake mema. Lakini kazi yenyewe haiko kwa maji. Kabla hujarusha lazima uwe umeitoa hasira moyoni, kwa sababu hasira ya mtu wa karibu, hata asipoitamka, ndiyo inayomfunga miguu mwenye safari. Ukirusha maji na moyo umebana, umedanganya. Ndiyo maana wazee hawakuwa na haraka. Mtu aliruhusiwa kusema, mimi bado, na wote wangengoja mpaka aeleze kinachomkera.

Nyanya yako hutumia maji na jina la Mungu. Mchungaji akimuuliza, humwambia ni maombi tu, ila yana unyevu.

Babako alianza. Alipaliwa, akajilowesha shati lake mwenyewe, tukacheka sote, hata mimi. Shangazi yako akafuata, akasema maneno mazuri mpaka nikamwonea wivu. Kikombe kikanifikia. Nikapiga funda. Nikakutazama. Ulikuwa umefumba macho na kunyoosha uso mbele kidogo, unangoja, na kwenye nyusi zako kulikuwa na matone ya babako na ya shangazi. Mwanangu, nilitaka. Nakuapia nilitaka. Lakini moyoni bado kulikuwa na yule mama wa kwaya, na zile pini, na ile blauzi. Ningeweza kusema, mimi bado. Hata hilo halikutoka. Nikameza. Kisha nikasema amina, kama mtu aliyefanya.

Ulifumbua macho. Uliona. Najua uliona, kwa sababu ulijipangusa uso haraka na kuuliza nani anataka soda.

Nilimsindikiza nyanya yako mpaka steji, nikambebea mfuko, tukaongea habari za mbuzi wake. Gari lilipojaa akanishika mkono. "Hayo maji uliyoyameza," akaniambia, "yatoke kabla ya treni." Akapanda.

Nimeshinda wiki nzima na maneno hayo, na sababu ya kunikaa hivyo ni kwamba mimi namjua mtu mwingine aliyemeza. Hukuwahi kusimuliwa, kwa sababu hakuna aliyekuwapo ila mimi na babangu na mamangu, na sote tuliinyamazia.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi ya kusomea ushonaji Mombasa. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeokoka, na unajua mtu aliyeokoka karibuni alivyo, anahukumu hata kuku wa nyumbani. Asubuhi ya safari, babangu aliniita uani. Alikuwa ametengeneza pombe kidogo ya miwa, si ya kulewa, ya kazi ile tu, na alikuwa ameishika kwenye kibuyu kidogo. Alikuwa amevaa shati lake la sherehe. Hilo ndilo nalikumbuka kuliko yote, lile shati, lilikuwa limepigwa pasi. Alipiga funda. Mashavu yakajaa. Nami nikasogea kando, nikajifunika uso na leso, nikasema, "Baba, mimi nimeokoka. Hayo ni mambo ya giza."

Alikwama. Hakuweza kurusha, kwa sababu sikuwapo mbele yake. Hakuweza kusema, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Kisha nikamsikia akimeza.

Niliteremka mlima nikiimba pambio. Nilijiona nimeshinda.

Usidhani nitakwambia nilipata ajali au nilifeli mitihani. Hakuna kilichonipata. Nilifika Mombasa salama, nikasoma, nikafuzu, na ndiyo kazi iliyokulea. Kilichotokea ni kwamba babangu alianza kuwa na adabu kwangu. Nikirudi likizo naletewa kiti. Ananiuliza kama Mombasa kunanyesha. Kabla ya hapo babangu alikuwa mtu wa kunigombeza tangu jogoo anawika, mbona hukufunga zizi, mbona unatembea kama umelala. Baada ya siku ile hakunigombeza tena hata mara moja mpaka akafa. Nilikuwa nimekua, nikasema, labda anaheshimu elimu. Lakini kaka zangu aliendelea kuwagombeza, nao walikuwa na ndevu.

Na huko Mombasa nilifika vibaya, ingawa mizigo yangu yote ilifika. Hili nisikilize, kwa sababu ndilo litakalokufaa. Siku ya kwanza kulikuwa na msichana wa pwani anaitwa Saumu, alinipokea langoni bila kutumwa na mtu, akalichukua sanduku langu akaliweka kichwani, akanionyesha kitanda. Tukakaa chumba kimoja. Siku moja alitumia ndoo yangu akaiacha na maji machafu. Ndoo, Wakesho. Ningesema tu, Saumu, nimwagie maji haya, yangekwisha. Mimi nikanuna. Akaniuliza, "Nimekukosea nini, dadangu?" Nikamwambia hakuna. Akauliza tena siku nyingine, nikasema hakuna. Mwishowe akaacha kuuliza, na muhula ulipokwisha akaomba chumba kingine. Watu wakasema yule msichana wa Taita ana maringo. Sikuwa na maringo. Nilikuwa naumwa na upweke mpaka nalia nikiwa bafuni, lakini nilingoja mtu aje achukue maneno yangu ampelekee mwenzangu, kama nyumbani ambako mamangu alikuwa akitupatanisha. Hapakuwa na mtu wa kutumwa.

Na wewe umenifuata. Nisamehe kwa kukurithisha hilo, ningependa ungechukua vidole vyangu vya kushona badala yake. Hata ile siku ya kufua, ulisema sentensi moja ya kweli kisha ukafunga mdomo, nami nikafunga wangu, na sote wawili tukamwangukia babako. Sasa huko uendako babako hayuko. Mkigombania sufuria katika lile jiko, hakuna wa kwenda kumwambia Mjerumani kwamba msichana wangu ameudhika. Utakuwa na lugha yao nusu, nao hawana yako kabisa. Ukinyamaza watadhani ndivyo ulivyo. Sema hata ukikosea maneno. Sema hata kwa hasira. Na siku utakayonikasirikia mimi, maana itafika, piga simu unigombeze. Nitaamka.

Kuna moja zaidi kuhusu babangu, kisha nitamaliza, jua limeanza kuingia kwa mlango.

Ulipozaliwa, alfajiri, ndiyo maana ukaitwa Wakesho, nilikupeleka mlimani akuone. Ulikuwa mdogo, shingo haijakaza. Nilimwachia akushike, nikaingia jikoni kumsaidia mamangu. Nilipotazama mlangoni nilimwona amekupakata kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika kikombe. Aliangalia huku na huku, kama mwizi, babangu mzima. Kisha akapiga funda akalirusha juu yako, manyunyu laini kabisa, na midomo yake ikawa inatamka. Sikusikia maneno. Ulishtuka ukapiga chafya. Akarudia.

Ningeweza kutoka. Ningeweza kumwambia, baba, nami pia. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa nimeacha ule ukali wa wokovu wa kitoto, nilikuwa nampenda. Nilibaki na mwiko mkononi mpaka akamaliza. Nilipokuja kukuchukua ulikuwa na unyevu kwenye nywele, nikasema, naona ametoka jasho, naye akasema, ndiyo, kuna joto. Kulikuwa na ukungu nje, na baridi ya mlimani. Kwa hiyo ulibarikiwa na babu yako, ujue hivyo. Zile baraka alizozimeza siku yangu, nadhani alikupa wewe. Mimi nikazikosa kwa kutosema maneno matatu, na akafa tukiwa tunaulizana habari za mvua.

Sijui kama maji yana nguvu, Wakesho. Wewe ndiye unayesomea mambo ya maji huko chuoni, labda utaniambia. Lakini kumeza kuna nguvu, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kwa hiyo sasa natoa. Nilikukasirikia kwa kumwambia nyanya yako kwanza. Nilikukasirikia kwa kuniacha nitikise kichwa mbele ya mteja kama mjinga. Nilikukasirikia kwa kuwa unakwenda, na hili sikuwa nimelijua mpaka nimeliandika, kwamba unakwenda na unafurahi, umepanga mpaka mahali pa sufuria, na katika mipango yote hiyo hukuonekana kunihitaji popote. Na zaidi ya yote nilikukasirikia kwa sababu ulisema kweli pale kwenye karai la nguo. Nyanya yako angekujibu. Mimi nisingekujibu. Ungeniambia umepata nafasi, nami kwa hofu ya kukukosa ningenyamaza siku kadhaa, na furaha yako ingechacha ukiitazama. Ulijua hivyo. Ulikuwa unailinda furaha yako dhidi yangu. Hilo lilinichoma, nami nikakuadhibu kwa kufanya kile kile ulichokikimbia.

Limetoka. Nimelisoma tena, na sioni lililobaki. Nimekaa hapa natafuta kama kuna kinundu chochote cha hasira moyoni, jinsi ninavyopapasa kitambaa kutafuta pini iliyosahaulika kabla sijampa mteja nguo yake, na sipati. Ninachopata ni kwamba nyumba itakuwa kimya, lakini kimya hicho si kosa lako, tutakizoea mimi na babako. Labda itabidi nianze kuzungumza naye mwenyewe.

Maneno mema sitayaandika. Usiyatafute humu. Nimeyafikiria, ninayo mengi, mengine ni ya babangu kama ninavyoyakumbuka kutoka kwa safari za kaka zangu, mengine nimeyatunga mwenyewe kwenye cherehani wiki hii, mguu ukikanyaga. Hayo hayapiti kwenye karatasi. Yanahitaji mdomo, na uso wa mtu mbele yake.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, chini ya pasipoti, mahali ambapo lazima utaishika asubuhi. Isome kabla hujavaa viatu. Usinijibu kwa karatasi, wala usimtume babako. Ukimaliza njoo uani, uje na misuko yako mipya, usijali kuilowesha, itakauka kwenye treni. Nitakuwa nimevaa lile gauni langu la sherehe, limepigwa pasi. Ukiona naangalia chini, ngoja kidogo, mimi ni mzito, lakini usiondoke. Sitakuwa na pini mdomoni. Nitakuwa na maji, nayo sitayameza.

Mamako